Kuku Juu ya Kilima: Jinsi ya Kuzisoma Nembo za Kijerumani Zilizochongwa kwa Mti

Makala haya yanahusu vibao vya mti vilivyochongwa nembo za koo, miji na vyama vya Ujerumani: jinsi vinavyokusanywa, na hasa jinsi vinavyosomwa. Msomaji wa jarida la lugha za Kiafrika ana haki ya kuuliza jambo hili linamhusu nini. Jibu langu ni kwamba sehemu kubwa ya nembo hizo si picha tu bali ni maneno, na kwamba mtu asiyejua lugha ya waliozichonga, tena lahaja yao, aweza kuzitazama mchana kutwa asizisome. Nalisema hili kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kuzitazama hivyo.

Nilipokuwa masomoni Ujerumani kwa ajili ya shahada ya uzamili nilikuwa na mazoea ya kwenda kila Jumamosi kwenye soko la vitu vikuukuu katika mji mmoja wa kaskazini mwa Bavaria. Siku moja nilikuta hapo kibao cha mti chenye umbo la ngao, kimo chake kama sentimita 40, rangi yake kahawia iliyokoza. Juu yake alichongwa ndege wa kufugwa, mwenye undu kichwani na ndevu chini ya mdomo, amesimama juu ya kilima chenye vichwa vitatu. Hapakuwa na neno hata moja. Nilikinunua kwa euro 30 nikarudi nacho nyumbani kwa furaha, maana niliona kwamba nimekwisha kukifahamu. Ngao ya taifa letu, tuliyo nayo tangu 1963, ina jogoo aliyeshika shoka, na chini ya ngao hiyo umo Mlima Kenya. Basi nikasema: hawa nao wana jogoo wao na mlima wao, jogoo ni alfajiri, ni kuamka, ni ujasiri, mlima ni nchi ya mababu. Nikaandika hata maelezo ya kurasa mbili katika daftari langu.

Bibi mwenye nyumba niliyopanga, mzee wa miaka themanini na ushei aliyezaliwa Thuringia, alikitazama kibao kile akacheka. Akaniambia, "Bwana, huyu si jogoo. Mtazame mkia wake, na miguuni hana kipi. Huyu ni kuku jike. Haya, taja kwa Kijerumani vitu unavyoviona, kimoja baada ya kingine." Nikataja: "Henne", yaani kuku jike, "Berg", yaani mlima. "Sasa viseme kwa pamoja." Nikasema: "Henneberg". Naye akanieleza kwamba hilo ni jina la nchi aliyozaliwa. Wakuu wa Henneberg walitawala sehemu za Thuringia ya kusini na Franconia kwa karne kadhaa, mpaka ukoo wao ulipokatika mwaka 1583, na kuku mweusi juu ya kilima cha kijani ndiye aliyekuwa nembo yao. Yuko hata leo katika nembo za baadhi ya wilaya na miji ya eneo lile. Zile kurasa zangu mbili juu ya alfajiri na ujasiri hazikuwa na kazi tena.

Wajerumani huziita nembo za namna hii "redende Wappen", yaani nembo zinazosema. Mimi napendekeza tuziite kwa Kiswahili nembo semaji. Kanuni yake ni nyepesi: jina hukatwa vipande kwa masikio, na kila kipande kikapewa kitu cha kuchorwa. Mchongaji hajali asili ya jina. Anasikiliza sauti yake. Ndiyo sababu wanaisimu hawana budi kuziangalia nembo hizi kwa hadhari, wala wasizichukue kuwa ushahidi wa asili ya maneno. Mfano mashuhuri ni Berlin. Dubu wa Berlin anaonekana katika muhuri wa mji tangu 1280, na kila mtoto wa huko hudhani kwamba jina la mji limetokana na "Bär", yaani dubu. Wataalamu wanaeleza kwamba jina hilo latoka katika lugha ya Waslavi waliokaa pale kwanza, na maana yake ni mahali pa kinamasi. Dubu ni tafsiri ya masikio ya Wajerumani waliokuja baadaye.

Nembo nyingine husema kwa lugha iliyokwisha kufa. Wakuu wa Helfenstein, huko Swabia, walikuwa na ndovu juu ya kilima. Mjerumani wa leo humwita ndovu "Elefant", wala hasikii chochote katika jina la Helfenstein ila kitenzi cha kusaidia na neno la jiwe. Lakini katika Kijerumani cha karne za kati ndovu aliitwa pia "helfant". Kwa hiyo aliyeichagua nembo ile alikuwa akisema waziwazi, na waliomzunguka walimsikia. Lugha ndiyo iliyoendelea mbele ikamwacha ndovu nyuma, bubu. Ukoo wa Holzschuher wa Nürnberg ulikuwa na bahati zaidi: nembo yao ni kiatu cha mti, na neno "Holzschuh" lina maana ileile hadi leo.

Tena nembo yaweza kusomwa upya na watu wenyewe. Jina la München latokana na watawa, na mtawa huonekana katika mihuri ya mji huo tangu karne ya 13. Karne zilivyopita wachongaji na wachoraji walizidi kumfanya mdogo wa umbo na laini wa uso, hata akawa mtoto, na leo watu wa mji wanamwita "Kindl", yaani kitoto. Katika sherehe za mji mtoto huyo huigizwa na msichana. Mtawa wa kiume amegeuka msichana, na nguo yake nyeusi yenye kofia ingali ileile. Wenzangu wanaochunguza mabadiliko ya maana ya maneno watauona mwendo huu kuwa si mgeni kwao.

Kabla ya kuendelea yafaa tuseme kidogo juu ya istilahi. Neno la Kijerumani "Wappen" lilikuwa neno moja na "Waffe", silaha. Lilipokelewa kutoka lahaja za kaskazini na Uholanzi, nayo maneno hayo mawili yakagawana kazi, moja likabaki na upanga na jingine likachukua alama iliyochorwa juu ya ngao. Kiswahili kimepita njia nyingine. Katika kamusi zetu za zamani "nembo" ni alama za chale zinazochanjwa mwilini kuonyesha kabila la mtu. Yaani neno letu limetoka katika ngozi ya mtu, lao limetoka katika vita. Nimeona wafasiri wakiandika "ngao" kwa maana ya nembo yote, na kwa ngao ya taifa hapana ubaya. Ila katika fani hii neno hilo linaleta utata, maana ngao ni sehemu moja tu. Juu yake hukaa kofia ya chuma, na juu ya kofia pambo lake, aghalabu mabawa au pembe mbili, na kutoka kwenye kofia huteremka vitambaa vilivyochanikachanika kwa mapanga ya vita. Wajerumani hushikilia kofia kuliko mataifa mengine. Ukoo uliorithi ardhi nyingi waweza kupanga kofia tatu au zaidi juu ya ngao moja.

Kofia hizo zina lugha yao, lakini si lugha ya kuaminika sana. Kofia iliyofungwa, yenye mwanya mmoja wa macho, ilikusudiwa kuwa ya raia wa mjini, na ile yenye nondo mbele ya uso kuwa ya watu wa daraja. Watu walivunja sharti hilo kila walipoweza. Wala asidhani msomaji kwamba nembo ilikuwa mali ya makabaila peke yao. Katika nchi za Kijerumani wafanya biashara, mafundi, na mahali pengine hata wakulima walijitwalia nembo zao. Katiba ya mwaka 1919 ilipofuta haki maalumu za daraja la makabaila haikufuta nembo, na mpaka leo raia yeyote aweza kuwa na yake.

Turudi kwenye kibao changu. Nilipokitazama tena baada ya fundisho la bibi yule niliona kwamba uso wa ngao ulikuwa na vidoto vingi vidogo vilivyochomwa kwa mpangilio, ambavyo mwanzoni nilivihesabu kuwa pambo. Mwili wa kuku ulikuwa na mistari iliyokatizana, undu wake mistari ya wima, na kilima mistari ya mshazari. Haya nayo ni maandishi. Mtu asiye na rangi, kama mchonga mihuri au mchapa vitabu, aliwezaje kuonyesha rangi? Njia iliyokuja kukubaliwa na wengi ni ile aliyoieneza padre Mjesuiti Silvester Petra Sancta katika kitabu chake cha mwaka 1638: vidoto ni dhahabu, mahali patupu ni fedha, mistari ya wima ni nyekundu, ya kulala ni buluu, ya wima na ya kulala iliyokatizana ni nyeusi, ya mshazari kutoka kulia kwa ngao juu hadi kushoto chini ni kijani. Basi kibao kile kisicho na rangi kilikuwa kinataja rangi zake zote: kuku mweusi mwenye undu mwekundu, kwenye kilima cha kijani, katika uwanja wa dhahabu.

Kilikuwa pia kinataja umri wake, ingawa si kwa usahihi wa kalenda. Desturi hiyo ya mistari ilienea baada ya 1638, na wakuu wa Henneberg walikwisha katika 1583. Kwa hiyo kibao changu hakikuwahi kutundikwa ukutani kwa mkuu yeyote wa Henneberg. Nyuma yake zilikuwepo alama za mviringo za msumeno wa mashine, nazo zikakisogeza mpaka karne ya 19 au baadaye, wakati ambapo Wajerumani wengi walipenda kuchonga upya mambo ya karne za kati: vyama vya wanafunzi, vyama vya wawindaji, mahoteli na watu binafsi wakipamba kuta zao. Je, kilipoteza thamani? Kwa muuzaji, ndiyo. Kwangu kilizidi, kwa kuwa sasa nilijua ni kumbukumbu ya watu waliolipenda jina la nchi yao zaidi ya miaka mia mbili baada ya wenyewe kwisha.

Nimetaja kulia kwa ngao, na hapa pana mtego uliowanasa wengi. Kulia na kushoto katika elimu hii huhesabiwa kwa upande wa mtu aliyeishika ngao, si wa anayeitazama. Kulia kwa ngao ni kushoto kwetu. Hili ni jambo la nafsi, kama lilivyo katika sarufi: kiini cha usemi ni msemaji, naye yuko nyuma ya ngao. Wanyama wa nembo kwa kawaida huelekea upande wa kulia kwa ngao, yaani kushoto kwa mtazamaji. Hata hivyo mkusanyaji hukutana mara kwa mara na simba aliyeelekea upande usio wake, naye muuzaji akamwambia kwamba mchongaji alikosea. Asikubali upesi. Nembo za mume na mke zilipowekwa pamoja, ya mume ilikaa kulia, na mnyama wake aligeuzwa amwelekee mke, kwa kuwa ilikuwa utovu wa adabu kumpa mgongo. Katika makanisa pia wanyama waligeuzwa waelekee madhabahu. Kwa hiyo simba aliyegeuka aghalabu ni mjane: alikuwa na mwenzake, na mtu fulani aliwatenganisha ili auze vibao viwili kwa bei mbili.

Jambo hili la kutenganishwa linaonekana kwa uchungu zaidi katika vibao vya marehemu, vinavyoitwa "Totenschilde". Tangu karne ya 14 makanisa ya miji kama Nürnberg na Ulm yalitundikwa ngao za mti zilizochongwa na kupakwa rangi, kila moja kwa ajili ya mwanamume mmoja aliyefariki: nembo yake katikati, na pembezoni maandishi ya mwaka na siku ya kufa, jina lake, na dua ya kumwombea rehema. Wanawake hawakupewa zao. Walionekana kama nembo ndogo kando ya ile ya mume. Koo zilishindana kwa ukubwa na dhahabu hata mwishoni mwa karne ya 15 baraza la mji wa Nürnberg likaweka masharti ya umbo na gharama. Vingi vingali makanisani, katika St. Lorenz na St. Sebald, vingine vimehifadhiwa katika makumbusho ya Germanisches Nationalmuseum mjini humo. Mahali pake hasa ni juu ya wafu wake. Mkenya hawezi kuvitazama asikumbuke vigango vya Wamijikenda, ambavyo navyo ni mti uliochongwa kwa ajili ya wanaume waliofariki, na ambavyo viling'olewa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo kama sanaa. Baadhi vimerudishwa kutoka Marekani, mwaka 2007 na miaka iliyofuata. Aliyekinunua kigango na kukisimamisha sebuleni alikuwa na mti mkononi. Jina la mwenyewe lilibaki Kilifi.

Yapo mambo ya kutazama kwa mtu anayetaka kununua. Mti unaopendwa na wachongaji wa kusini ni linde, ambao ni laini na hauna nyuzi kali. Ndio uliotumiwa na Veit Stoss mjini Nürnberg na Tilman Riemenschneider mjini Würzburg. Kaskazini mwaloni ni mwingi zaidi. Rangi ya zamani hukaa juu ya tabaka la chokaa na gundi, na mabaki yake hupatikana katika pembe za chini ambako kisu cha muuzaji hakikufika. Wapo wanaovichuna vibao rangi kwa kuwa wanunuzi wa siku hizi wanapenda mti mtupu. Mashimo ya wadudu yachunguzwe kwa waya mwembamba: mdudu hubungua kwa kupindapinda, keekee huenda moja kwa moja. Zaidi ya yote kigeuzwe kibao kutazamwa mgongo wake, maana uso umetengenezwa ili uonekane, na mgongo haukutengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Mgongoni mwa kile changu palikuwa na alama ya gundi yenye umbo la mstatili, mahali ambapo karatasi ilikuwa imebandikwa, nayo imebanduliwa. Nilirudi sokoni kumwuliza muuzaji. Aliniambia bila haya kwamba yeye huzibandua zote, maana jina la mwenye mali wa zamani huleta maswali. Basi lile jambo moja ambalo kibao hakiwezi kulisema chenyewe, yaani kilitundikwa nyumba gani na kwa ajili ya nani, lilitupwa katika pipa la taka. Nilimkasirikia sana. Kisha nikakumbuka madaftari yangu ya shahada ya kwanza, yenye methali mia na kitu nilizozikusanya kijijini kwetu bila ya kuandika nani alisema, akimwambia nani, na kwa sababu gani. Sijui kama mkusanyo wa idara yoyote ya lugha katika nchi yetu umesalimika na dhambi hiyo.

Aliyepoteza karatasi hana budi kutafuta vitabuni. Kitabu cha Johann Siebmacher, kilichotolewa Nürnberg mwaka 1605, na ule mfululizo mkubwa wenye jina lake ulioanza 1854, vina maelfu ya nembo. Lakini vimepangwa kwa majina, na mwenye kibao ana picha, hana jina. Kwa ajili yake Théodore de Renesse alitayarisha kamusi ya vitu vya nembo katika mabuku saba, kati ya 1894 na 1903, inayomwezesha mtu kuanza na kuku au kiatu akafikia ukoo. Ni kamusi ya kinyume, wala sijaona ya namna hiyo kwa alama zetu wenyewe. Asije mtu akaenda njia iliyo rahisi, ya kutafuta jina lake na kuitwaa nembo iliyo chini yake. Koo nyingi zisizo na udugu zina jina moja, na biashara ya kuwauzia watu nembo za majina yao ni kongwe na ina faida. Vibao vingi vinavyong'aa madukani ni matunda yake.

Limebaki jambo moja ambalo Mwafrika hawezi kulipita. Mara mbili nilikuta sokoni vibao vyenye kichwa cha mtu mweusi, chenye hereni na nywele za kipilipili. Mara ya kwanza nilikirudisha mezani kwa hasira. Baadaye nilijifunza kwamba kichwa hicho kina visa zaidi ya kimoja. Ukoo wa Tucher wa Nürnberg unacho. Maaskofu wa Freising walikuwa nacho kikiwa na taji. Katika nembo ya Coburg ni kichwa cha Mtakatifu Mauritius, mlinzi wa mji, askari shahidi ambaye sanamu yake ya karne ya 13 katika kanisa kuu la Magdeburg inamwonyesha Mwafrika aliyevaa deraya, mwenye uso wa heshima kamili. Manazi walimwondoa katika nembo ya Coburg mwaka 1934, wakaweka upanga na alama ya chama chao, alirudishwa 1945. Mwaka 2020 kulikuwa na maombi ya kumwondoa tena, safari hii kwa hoja kwamba midomo minene na hereni ni dhihaka kwa watu weusi, na wengine wakaomba abaki. Maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zilikuwa zinasoma, ila si kitu kimoja. Mtakatifu wa Magdeburg na kile kichwa nilichokirudisha mezani vina jina moja, na vilichongwa na mikono iliyomfikiria mtu mweusi kwa namna mbili. Asomaye jina tu atasema ni heshima. Atazamaye patasi ilivyopita mdomoni atasema vingine. Hapa, tofauti na kwa kuku wa Henneberg, masikio hayatoshi.

Kibao changu sasa kimetundikwa ofisini, na nyuma yake nimebandika karatasi mpya yenye tarehe, soko, bei, na maneno ya bibi yule kama alivyoyasema. Wanafunzi wanaoingia hukitazama kwanza kabla ya kunitazama mimi. Mwezi uliopita mmoja wao aliniuliza kwa unyenyekevu, "Mwalimu, huyu jogoo shoka lake ameliweka wapi?"